Siku Baba Mkwe Alipojaribu Tandiko Mgongoni Mwangu

Nimewahi kufungwa tandiko la farasi mgongoni, mchana kweupe, mbele ya wakwe zangu wote, na baba mkwe akalikalia.

Cheka ukimaliza kusoma. Mimi wiki nzima sikuweza kunyooka.

Naitwa Emilbek. Nimeoa At-Bashy, huku milimani Kirgizistani, kwa mzee Sagindik. Huyu mzee anadai alijua kupanda farasi kabla ya kujua kutembea, na haipiti siku bila kukukumbusha.

Farasi wake ni Kashka, jina la ile alama nyeupe usoni. Mwaka ule Kashka alibadilika. Ukimwonyesha tandiko tu, masikio yanarudi nyuma. Ukimfunga mkanda wa tumbo anageuka kukung'ata. Mzee akipanda, mgongo unabonyea kama kitanda cha kamba.

Kwetu farasi asiyepandika amebakiza kazi moja tu. Mzee akatangaza: theluji ya kwanza ikianguka, Kashka anaingia sufuriani, awe nyama ya majira ya baridi.

Roho iliniuma sana. Kashka ndiye aliyemvusha mke wangu mto uliofurika, uchungu umeshamshika, wakafika kwa mkunga salama. Leo nikae mkekani nimtafune?

Tukahangaika. Shangazi mmoja akamfukiza kwa moshi wa mti wa mreteni, eti kufukuza mikosi. Jirani akamkanda mgongo kwa vodka, nusu kwa farasi, nusu kwake mwenyewe. Wapi.

Daktari wa mifugo akaja, akampapasa mgongo kwa vidole. Kulia, kimya. Kushoto, Kashka akapiga teke ndoo ikaruka. Daktari akasema kuna kitu kinalalia upande mmoja. Akaligeuza tandiko, akaliona limenyooka. Akamwomba mzee apande, akamtazama kwa nyuma.

Kisha akakumbuka kuwa kuna ng'ombe anazaa kijiji cha pili, akaondoka bila kumaliza chai. Sikumwelewa.

Fundi wa matandiko aliposikia kazi yake inasingiziwa, akaja amefura. Akasema farasi hana mdomo, basi tandiko lijaribiwe kwa mwenye mdomo.

Macho yote yakanigeukia. Huku kwetu mkwe ni mtu wa kuchezewa, na shemeji zangu walikuwa wameshaanza kulegeza mkanda wa tandiko unienee.

Nikapiga magoti uani, mikono chini. Jibek, mdogo wake mke wangu, akanifunga mkanda vizuri, akanitia kipande cha sukari mdomoni. Majirani wakajaa ukutani.

Jibek akawa wa kwanza kukaa. Uzito ukatulia pande zote, sikusikia kitu. Nikasema tandiko halina shida. Fundi akavimba kichwa.

Kisha akapanda mzee.

Jamani. Upande wa kushoto ukawaka moto. Nilitamani nimng'ate mtu. Pale pale nikajua daktari alikimbia nini.

Mzee anakaa upogo.

Haya, kamwambie. Mwambie mwanaume wa At-Bashy, mwenye ndevu nyeupe, kwamba hajui kukaa juu ya farasi. Afadhali umtukane marehemu babu yake, hilo huenda akasamehe.

“Mkwe, panauma wapi?” akauliza kutoka huko juu.

Majirani wote wakaanza kukagua viatu vyao. Kumbe kijiji kizima kinajua, na kimejikausha miaka yote, Kashka akivumilia mpaka mgongo ukagoma. Niliogopa, sifichi. Lakini nikamfikiria Kashka na lile sufuria.

“Kushoto, baba.”

“Tandiko si limenyooka? Kwa nini iwe kushoto?”

Kabla sijajibu, mama mkwe akaweka birika chini.

“Kwa sababu unalalia kushoto, mzee. Tangu uliponioa. Tukienda malishoni nakusimulia mambo, wewe unasinzia, unaning'inia upande wangu kama gunia. Ndiyo maana niliacha kufuatana nawe. Kusema magoti yananiuma nilisingizia tu.”

Mzee akabaki juu yangu akichezea ndevu. Alizichezea muda mrefu, na mimi ndiye ninayejua ulikuwa mrefu kiasi gani.

“Sikuwa nasinzia,” akasema mwishowe. “Sauti yako ndogo, mama Jibek. Nilikuwa nainama nikusikie.”

“Na siku hizi sipo, unainamia nini?”

“Sijui. Labda nasubiri useme kitu.”

Mama mkwe akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Akamuuliza kama anakumbuka ile habari aliyomsimulia malishoni, ya mjomba wake aliyemfukuza mbwa mwitu kwa mwiko. Mzee akaikumbuka yote, mpaka aina ya uji uliokuwa kwenye mwiko. Mama akamsogelea, akaanza kumsimulia mengine, taratibu, kwa ile sauti yake, amesimama kushoto.

Na mzee akainama. Mgongoni kwangu.

“Baba,” nikasema, “samahani, naomba mama ahamie kulia.”

Kashka hakuchinjwa. Alipumzika majira yote ya baridi bila tandiko. Nyasi zilipoota, mama mkwe akapanda farasi wake jike wa zamani, wakaenda malishoni wote wawili. Wakienda anakaa kushoto kwa mzee, wakirudi anahamia kulia. Kashka hana neno tena, na fundi anajisifu mpaka leo kuwa tandiko lake halijawahi kuwa na kosa.

Nilichojifunza ni hiki. Mnyama akikataa mzigo, usikimbilie kisu, mtazame kwanza aliyekaa juu anainamia nini. Na kama una mwenzako mwenye sauti ndogo, unapomsikiliza mwitikie hata “eeh” moja, ajue uko macho. Ukinyamaza tu, kuna mgongo wa mtu utaumia.