Jina Langu Halikuwekewa Alama

Mie ndiye niliyekosa. Naanza na hilo, asije mtu akasoma mpaka katikati akidhani mwisho nitamtupia mwingine.

Siku ya hitima ya baba mkwe wangu, Mzee Rajabu, ukumbini kwetu Temeke tulikuwepo hawa. Idrisa, shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Hamisi, mume wangu. Zuhura, wifi yangu, aliyekuwa amerudi kwao baada ya kuachika. Baba mdogo Shomari, ndugu wa marehemu tumbo moja, aliyekuja kwa miguu toka Mbagala na kanzu yake kaishika mkononi isiingie vumbi. Mwanangu Mwajuma, miaka minne, nimempakata. Mama mkwe wangu Bi Mwanaisha alikuwa chumbani nyuma ya pazia, maana eda ilikuwa imeanza, lakini alisikia kila neno. Na mie.

Wengine nimewataja kwa majina yao kwa sababu wametangulia. Langu siliandiki. Kwenye karatasi nitakayowaeleza niliitwa SHEMEJI tu, na hapa niwe hivyohivyo.

Wakati ule Mwingereza bado yupo. Idrisa alikuwa kijana wa kwanza mtaani kwetu kwenda chuo kikuu, kule Uganda. Akisafiri, ni treni mpaka Mwanza halafu meli ya ziwani. Alisomea digrii ya vitabu vya Kiingereza, hadithi na michezo ya kuigiza. Mzee Rajabu akiulizwa barazani mwanawe anasomea nini, alijibu, "Anasoma," basi. Zuhura alimtania kila siku kwamba kwenda mbali kote kule kufuata hadithi ni ujinga, angebaki uani wanawake wamhadithie mpaka masikio yamuume.

Mie chuoni kwa maalimu nilisoma juzuu chache tu za Kurani. Herufi za Kizungu nilifundishwa na Idrisa, likizo yake ya kwanza. Alichukua mkaa, akaandika HAMISI kwenye ukuta wa jikoni.

"Huyu nani, shemeji?"

"Mkaa," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini hakuniacha. Kila siku jina moja, mpaka likizo inakwisha nasoma majina yote ya nyumba ile. Majina tu. Neno jingine lolote la Kizungu lilikuwa kwangu mchoro.

Likizo iliyofuata ndiyo iliyotumaliza.

Alikuja na sanduku la vitabu vya chuo. Akaniambia ana insha ndefu ya kuandika, nayo ndiyo itakayoamua apate digrii au aikose. Lakini kabla ya insha, mwalimu wake Mzungu anataka kuuona mpango mzima kwenye karatasi. Mpango usipofika siku ya kufungua chuo, insha haiandikwi. Nilimwitikia huku nachambua mchele, kama unavyomwitikia mtu anayekueleza habari za nchi usiyoijua.

Akabadilika yule mtoto. Tukila, anamtazama mmoja mmoja wetu muda mrefu, halafu anainuka kwenda kuandika. Chumbani anasema peke yake kwa Kiingereza, sauti inapanda, inashuka, inanyamaza. Siku moja alimwuliza mama yake mzee hulala saa ngapi mchana, na nani huwa naye. Mama akamjibu, wala hakushtuka. Mie nilishtuka.

Halafu akaniuliza mie. Nilikuwa uani na ungo wangu.

"Shemeji, mtu wa humu ndani akitaka kumdhuru baba, na asishukiwe, atapitia wapi?"

Nikauweka ungo chini. Akaniona uso, akacheka kidogo.

"Mambo ya kitabu hayo. Kuna mkubwa mmoja anauawa ndani ya nyumba yake na mtu wake. Nataka nione kama yanawezekana kwenye nyumba ya watu kweli."

Mnisikie vizuri hapo. Aliniambia ni mambo ya kitabu. Nami nikamjibu, tena kwa kujiona nina akili: labda kwenye uji, maana uji wa mzee naupika mie, na nauacha ukumbini upoe, hapana anayeulinda. Akasema kweli, uji, akaenda kuuandika.

Haikupita wiki, Idrisa kaenda mjini, nikaingia chumbani kwake kufagia. Mezani kulikuwa na karatasi kubwa imekandamizwa na kitabu. Maandishi madogo ya Kizungu yameijaa kama sisimizi. Na katikati ya sisimizi wale nikaona majina yetu.

IDRISA liko katikati, limezungushiwa duara. Mishale inatoka kwake inakwenda kwa wengine. RAJABU, na pembeni alama kama ile ya makaburi ya Wakristo, na namba moja. SHOMARI, alama, namba mbili. MWANAISHA, tatu. HAMISI na ZUHURA, nne. MWAJUMA, tano.

Mwanangu. Namba tano.

Chini kabisa kwenye pembe, peke yake, SHEMEJI. Haina mshale wala alama.

Nilirudia kusoma mara nyingi. Kwa mara ya kwanza nilijutia kujua kusoma. Sikumwuliza mwenyewe. Ningemwuliza aliporudi jioni ile, naye angenieleza, na leo nisingekuwa naandika. Badala yake nilirudisha kitabu juu ya karatasi, nikafagia, nikatoka.

Siku zile zile miguu ya Mzee Rajabu ikavimba. Ilikuwa imeshavimba mwaka uliopita, na hospitali walishasema moyo wake umechoka, yote hayo nayajua. Lakini mtu mwenye hofu hakumbuki ya mwaka jana. Uji nikaanza kuupoza ninao mapajani. Mzee akaanza kuukataa. Idrisa alikaa naye mchana kutwa akimsomea gazeti, na mie kila nikipita mlangoni naona mshale unatoka kwa mtoto unakwenda kwa baba.

Alhamisi, baada ya adhuhuri, mzee akafariki.

Watu wakiwa wanamwosha, niliingia chumbani kwa Idrisa nikaichukua ile karatasi, nikaifunga kwenye pindo la kanga. Kesho yake akaja jikoni, macho mekundu ya kulia.

"Shemeji, hujanionea karatasi yangu moja kubwa?"

"Sijaiona."

Akashukuru akaenda kuitafuta tena. Siku iliyofuata alipekua hata chini ya majamvi ya matanga. Watu wakanong'ona, baba yake hajapoa, yeye anatafuta karatasi.

Siku ya hitima, Baba mdogo Shomari akafika na kikohozi. Safari nzima ya Mbagala amevuta vumbi, nani asingekohoa? Lakini yeye alikuwa namba mbili. Wageni walipoondoka tukabaki sie niliowataja, akakohoa mara ya tatu, nikafungua pindo la kanga. Nikaitandika karatasi mkekani.

"Someni majina," nikasema. "Mengine siyajui."

Hamisi akayasoma. Aliposema namba tano na jina la mwanawe, akamgeukia Mwajuma. Baba mdogo Shomari akamgeukia Idrisa, akamwuliza polepole, hii ni nini.

Na yeye, kwa furaha ya kukipata kitu chake, akasema, "Ni mpango wangu!"

Wote tukamgeukia.

Akaona amesema vibaya, akaanza kueleza. Ni mpango wa insha. Majina ya Kizungu ya kwenye kitabu yalikuwa yanamchanganya, kila mtu ana majina mawili na cheo, kwa hiyo akaweka ya nyumbani apate kukumbuka nani ni nani. Namba ni sehemu za mchezo. Alama ni wanaokufa mchezoni. Alieleza haraka mno, na maneno mengine yalimtoka kwa Kiingereza, ikawa vibaya zaidi.

"Na wewe katikati unafanya nini?" Baba mdogo Shomari akamwuliza.

"Huyo wa katikati ndiye mbaya, baba mdogo. Ningempa nani ubaya ule humu ndani? Nikajipa mwenyewe."

"Amekiri," akasema Zuhura.

Nyuma ya pazia mama akasema, "Mwulizeni mwanangu vizuri." Hapana aliyegeuka.

Zuhura alikuwa ameinamia karatasi. Kidole chake kikashuka mpaka pembeni, kikasimama. "Sote tunakufa, ila mke wa kaka ndiye kasamehewa. Kwa nini, wifi? Mna nini nyie wawili?"

Hamisi akanitazama. Sikupata kuliona jicho lile kabla ya siku ile.

Idrisa akanigeukia pia. "Shemeji, waambie. Si nilikuuliza, nikakueleza ni mambo ya kitabu?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo lilipo kosa langu. Si kwenye kufagia, wala kwenye kutojua Kiingereza. Ni hapo.

Nilisema, "Aliniuliza njia ya kumdhuru baba asishukiwe. Na uji akautaja."

Nikanyamaza. Neno la kitabu sikulisema. Na uji nilioutaja mie nikauweka kinywani mwake. Nilitaka jicho la Hamisi liniondokee, na kweli liliniondokea, likaenda kwa ndugu yake.

Idrisa hakubisha tena. Alinitazama tu, kama siku ile aliyoniandikia jina ukutani akingoja nilisome.

Baba mdogo Shomari akasema asilale tena kwenye nyumba ya ndugu yake. Sanduku likatolewa uani, Zuhura akavimwagia vitabu mafuta ya taa, Hamisi akawasha. Idrisa alisimama akiangalia. Hakuomba vitabu. Alinijia mie, akaniomba kitu kimoja, ile karatasi. Nikamwambia haitoki mpaka ikasomewe dua. Akaondoka na kanzu aliyoivaa, mama yake anamwita kwa nyuma ya pazia, naye kakatazwa kuingia kumuaga.

Karatasi nikabaki nayo mie. Hata dua yenyewe haikusomwa.

Baada ya majuma matatu akarudi mpangaji wetu, Bwana Elias, karani, mtu wa Songea, aliyekuwa likizo kwao. Yeye Kiingereza anakijua. Nilimpelekea karatasi mwenyewe, mbele ya Hamisi. Akaisoma yote, taratibu, mpaka akatabasamu. Akasema ndugu yenu ana akili sana, huu ni mpango mzuri wa insha. Yote yalikuwa kama alivyosema Idrisa. Nikauliza, na hili jina la pembeni?

"Huyu ni mtumishi wa nyumba," akasema Bwana Elias. "Ndiye anayebaki mwisho, awaeleze watu mambo yalivyokuwa."

Hamisi aliipeleka karatasi posta siku hiyo hiyo, iende chuoni kwake. Chuo kilikuwa kimeshafunguliwa zamani. Insha haikuandikwa. Digrii hakuipata. Tulisikia anafanya kazi ya ghala kule kule Uganda, baadaye tukasikia amehamia mji mwingine, halafu hatukusikia. Mama mkwe wangu nilimuuguza mie mpaka mwisho, na kila mlango ukilia alisema, "Mwulizeni kama amekula."

Barua ilikuja moja tu, kwa jina langu. Ndani karatasi moja, herufi kubwa za kunifundishia, kila jina mstari wake. RAJABU. MWANAISHA. SHOMARI. HAMISI. ZUHURA. MWAJUMA. SHEMEJI. Hakuna alama hata moja. Jina lake halimo.

Nyie mnaosoma, ukiokota karatasi ya mtu, anza kumwuliza mwenye nayo. Na ukisimamishwa useme uliloambiwa, liseme lote. Nusu yake tu imemtoa mtu kwao.

Nimeandika niliyoyakumbuka. Kama kuna aliyezaliwa nyumba zile za Temeke, au aliyehadithiwa na wakubwa wake, na akaona nimekosea jina au nimemsahau aliyekuwepo, anirekebishe kabla sijaondoka. Mwanzoni nimewataja kwa mpango, na Idrisa nimemweka wa kwanza. Ila yeye sikumhesabu na waliotangulia, maana sijui kama yu hai. Anayejua aniambie.