Kichwa Tulichokichoma

Binti yangu aliposema anakuja Krismasi na mtoto na mbwa, nilifikiri simu ina makelele. Nikamwambia arudie. Akarudia. Mbwa. Kutoka Ujerumani kwa ndege mpaka hapa kwetu nje kidogo ya Kibwezi, mahali ambapo mbwa ni wa bure na bado hakuna anayemtaka.

Mimi nilitoka shule darasa la tatu. Nikasuka kamba za mkonge, nikauzia madereva wa malori pale barabara ya Mombasa, kamba moja moja, mpaka nikafungua duka la mabati na misumari. Duka likajenga nyumba, nyumba ikasomesha huyu binti akawa nesi. Sijisifu. Au najisifu, ni haki yangu. Nasema hivi ili mjue sikuwa nimezoea kufundishwa kazi ya boma langu na mtu yeyote.

Mbwa akafika. Miguu mifupi, masikio yanayokaribia kufagia chini, macho ya mtu aliyefiwa. Na kweli alikuwa wa kufiwa, kwa sababu mwenye mbwa alikuwa mkwe wangu, baba wa yule mtoto, na mkwe alikufa mwaka uliotangulia. Mtoto ana miaka minane. Tangu mazishi ya baba yake hakuwa amelala usiku hata mmoja bila huyo mbwa kitandani. Ndiyo sababu alipakiwa kwenye ndege.

Alikuwa na kitabu chake cha bluu, pasipoti, chanjo zote zimeandikwa, na kidude kama punje ya mchele chini ya ngozi ya shingo chenye namba yake. Jirani yangu mwenye mashine ya kusaga, ambaye pia ni mzee wa kanisa letu, alikuja kuona.

"Hii ngiti imepanda ndege," akasema, akimwita mbwa kwa Kikamba chetu. "Wewe mzee mwenzangu umefika wapi?"

"Nimefika Malili, njia ya Nairobi."

"Basi muulize Ulaya kuna baridi namna gani, akueleze."

Tulicheka. Kumuingiza nchini hakukuwa na taabu. Pale uwanja wa ndege waliangalia kibali, cheti cha afya na chanjo ya kichaa cha mbwa, wakapiga muhuri, kwisha. Taabu ilikuwa kumtoa.

Wiki moja kabla ya kurudi, binti alimwita daktari wa mifugo aandike cheti cha safari. Alikuja msichana mdogo kwa pikipiki, buti za mpira, mkoba begani. Akasoma kile kitabu mpaka mwisho, akakirudisha mwanzo, akasoma tena.

"Majibu ya damu yako wapi?"

"Damu gani?" binti akauliza.

Hapo ndipo tulipoelezwa. Hapa kwetu kichaa cha mbwa bado kipo, kwa hivyo nchi za kule hazikubali chanjo peke yake. Zinataka damu ipimwe, ionekane chanjo imeshika. Kama ingepimwa kule kabla ya kutoka, mbwa angerudi kama alivyokuja. Haikupimwa. Sasa lazima itolewe hapa, isafirishwe nje kwa maabara inayotambuliwa, na kuanzia siku ya kutolewa mbwa angoje miezi mitatu.

"Hata damu ikiwa nzuri?" nikauliza.

"Hata ikiwa nzuri, mzee."

"Sasa wanangoja nini?"

"Kichaa kinaweza kukaa ndani ya mwili miezi bila kujionyesha. Wanangoja waone kama kitatokea."

Binti yangu, mtu wa karatasi tangu akiwa mdogo, alikaa kwenye ngazi akashika kichwa. Likizo yake ilikuwa imeisha. Wakapanga: yeye na mtoto watarudi kazini na shuleni, mbwa atabaki kwetu, likizo ya Aprili waje wamchukue. Daktari akaniwekea sheria. Nimjengee wavu, asitoke ila kwa kamba. Asiguswe na mbwa mwingine wala paka. Kukitokea lolote, nimpigie simu siku hiyo hiyo.

Siku ya kuondoka mtoto alipiga magoti akaongea na mbwa Kijerumani, kirefu, kama mtu anayeacha maagizo. Halafu akaja kwangu.

"Babu, usimpoteze."

"Mimi sipotezi kitu," nikamwambia.

Nilijenga kizimba kwa wavu wa dukani kwangu, ule mzito, nguzo za chuma, sakafu ya saruji. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka nilifagia, nikambadilishia maji, nikampikia wali na maini. Jioni nilimfunga kamba tukazunguka nyumba mara sita, mimi na magoti yangu mabovu, yeye na masikio yake. Wateja walinijua kwa nywele za mbwa kwenye koti. Mke wangu hakunipa nafasi.

"Katika hii nyumba, maini yanaanzia kwa nani siku hizi?"

"Ni ya mgeni, mama."

"Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Huyu ana miezi miwili."

Nilichoka. Sikuchoka na kazi, kazi naijua. Nilichoka kwa kuhesabu siku, kitu ambacho sikuwa nimefanya tangu nilipokuwa kibarua.

Zilibaki siku kumi na mbili. Ilikuwa Jumamosi mchana, nimekuja nyumbani kula. Mbwa asiyejulikana alipanda kutoka mtoni, akapita lango ambalo mke wangu alikuwa ameliacha wazi kwa ajili ya punda wa maji. Taya limelegea, mate yananing'inia, nyuma inayumba. Akauma nguzo ya lango. Akauma gurudumu la wilbaro. Nikajua.

Wetu hakujua. Kule kwao mbwa wanasalimiana, sijui. Alitikisa mkia, akapitisha pua kwenye tundu la wavu, na yule akamkamata mdomo.

Nilikimbia. Nilimvuta yule kwa ngozi ya shingo, hakuachia, nikamwachanisha meno kwa vidole, halafu nikachukua mtaimbo nikammaliza. Mtaimbo mara tatu. Nilipoinua macho boma lilikuwa limejaa majirani.

"Bado una nguvu, mzee!" mwenye mashine akasema.

Sasa niwaambie desturi yetu. Mbwa wa kichaa akiuawa, hazikwi, kwa sababu fisi atamfukua na mbwa wengine watamla. Anachomwa. Na hachomwi na boma moja, kwa sababu ugonjwa ni wa wote: kila nyumba inaleta ukuni wake. Hakuna aliyeitwa. Watu walienda wakarudi na kuni, mama mmoja akaleta mafuta ya taa, na saa kumi haikuwa imefika pale pembeni ya shamba palikuwa na majivu tu. Wanaume wakaninawisha mikono. Nilijiona nimefanya kazi safi.

Baada ya wao kuondoka nikaangalia mdomo wa mbwa wetu. Matundu mawili madogo, damu kidogo. Nilimwosha kwa sabuni. Kwenye kidole changu kulikuwa na mkwaruzo, nikauosha pia.

Sikupiga simu.

Niseme ukweli kwa nini. Tiketi zilikuwa zimenunuliwa. Mtoto alikuwa amechora kalenda, binti akanitumia picha yake, siku zimekatwa kwa kalamu nyekundu. Na mimi nilikuwa nimesema sipotezi kitu. Nikajiambia mbwa amechanjwa, damu yake ilirudi na majibu mazuri, matundu yenyewe ni kama ya sindano. Jumapili nikaenda kanisani. Jumatatu nikafungua duka. Mke wangu hakuniuliza, lakini aliacha kunitania juu ya maini, na hiyo kwake ni kelele.

Alhamisi daktari alikuja kwa ukaguzi wa kabla ya safari. Akampima mbwa joto, akasikiliza moyo. Yale matundu yalikuwa yameshapona, manyoya yamefunika. Akatoa fomu ya Kiingereza, akanisomea kwa Kiswahili kwa sababu nilimwomba. Mimi ndiye nilikuwa nimeachiwa mbwa, mimi ndiye wa kutia sahihi.

"Hapa unathibitisha kwamba mnyama huyu hajakutana na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa."

Nilishika kalamu. Mjue mimi naujua huu ugonjwa. Nikiwa mdogo, mama yangu mdogo aliumwa na mbwa wa kwao, jeraha dogo kwenye kisigino, likapona, likasahaulika. Mvua ilikuja ikaisha ndipo akashikwa. Alifungwa kitandani kwa kamba, na kamba zile ndizo zilizokuwa zikisukwa nyumbani kwetu. Siku nne. Siwezi kuandika alivyokuwa. Nitasema tu kwamba mwisho wake watu wazima waliomba afe, kwa sauti, mbele yake.

Na huyu mbwa analala kitandani na mtoto.

Nikaweka kalamu chini. "Daktari, kuna kitu kilitokea Jumamosi."

Nikamwambia yote. Nilipomaliza akauliza, "Kichwa kiko wapi?"

"Kichwa gani?"

"Cha yule mbwa. Tungepeleka kichwa maabara. Ubongo ungepimwa, tungejua kama alikuwa nacho au hakuwa nacho."

"Tulichoma."

"Chote?"

"Sisi huwa tunachoma chote."

Aliangalia ule upande wa shamba, kwenye doa jeusi. Msichana mdogo, angekuwa mjukuu wangu. Nilingoja anitukane. Angenitukana ningejua la kusema.

"Mzee, nilikuambia unipigie siku hiyo hiyo."

"Uliniambia."

"Sasa hakuna njia ya kujua. Itabidi tuchukulie alikuwa nacho." Akafungua mkoba, akamdunga mbwa wetu chanjo nyingine pale pale. Siku arobaini na tano ndani ya wavu, akasema, peke yake, asiguswe na mtu ila mimi, na ndani ya siku hizo hakuna cheti kitakachoandikwa. Kisha akashika mkono wangu akaugeuza bila kuomba ruhusa. "Na huu mkwaruzo?"

"Ni kitu kidogo."

"Panda pikipiki."

Alinipeleka hospitali mwenyewe. Sindano tano ndani ya mwezi mmoja, na siku ile ya kwanza nyingine pale pale kwenye kidole, ambayo siwatakii. Nesi aliuliza niliumwa lini. Nikasema Jumamosi. Akaniangalia kama vile binti yangu huniangalia.

Jioni nilimpigia binti. Nilimwambia kwa mstari mmoja, kama mtu anayetoa habari ya msiba.

"Baba, ungesema siku ile ile tungekuwa na majibu sasa hivi. Kwa nini mlichoma?"

"Ndivyo tunavyofanya. Unajua ndivyo tunavyofanya."

"Najua," akasema. Akaanza kulia, taratibu, kama mtu anayefua nguo. Likizo nyingine hana mpaka Agosti. "Nitamwambia mtoto mambo ya karatasi yamechelewa."

"Hapana. Mpe simu."

"Baba, tafadhali."

"Ni mimi nilimwahidi. Mpe."

Kiswahili cha mtoto ni kidogo na Kijerumani changu hakuna, kwa hivyo hapakuwa na nafasi ya kuzunguka. Nikamwambia mbwa mgonjwa alikuja akamuuma wake. Nikamwambia nilinyamaza siku tano, nikakosea. Nikamwambia hatarudi Aprili.

"Atakufa?"

"Sijui."

"Babu, wewe ni mkubwa. Sema."

"Mimi ni mkubwa na sijui."

Akamrudishia mama yake simu. Wiki mbili hakutaka kuongea nami. Niliendelea kufagia, kupika, kuangalia anavyotembea, anavyomeza, kama macho yake yamebadilika. Wakati mwingine nilisimama pale nikijaribu kukumbuka jana alibweka mara ngapi. Mwenye mashine alipita siku moja, akasimama mbali na wavu.

"Si ungemaliza tu na huyu? Mtaimbo si uko."

"Ukuni wako bado unao?"

"Upo."

"Basi kaa nao."

Hakucheka. Kanisani wengine walianza kuninyooshea mkono kwa woga, wakisikia nadungwa sindano za mbwa. Nikaacha kunyoosha wangu. Uzee una mambo yake tayari, hauhitaji hili.

Halafu jioni moja simu ikalia, ni yeye mtoto. Hakusalimia.

"Amekula?"

"Amekula."

"Ameuma mtu?"

"Hajauma."

"Niweke kwake."

Nikashika simu kwenye wavu. Aliongea Kijerumani muda mrefu, mbwa amelaza masikio. Tangu siku hiyo hupiga kila jioni, maswali yale yale, na mimi hujibu nilichoona kwa macho, sio zaidi.

Jana nilidungwa sindano ya mwisho. Jioni mtoto akauliza kama nililia. Nikasema sikulia, lakini nimechoka.

"Mimi pia nimechoka," akasema.

"Basi lala."

"Siwezi peke yangu. Simu isikatwe."

Nikavuta kiti karibu na wavu nikakaa, simu mkononi, mpaka nikasikia pumzi yake imekuwa nzito. Kwa mbwa zimebaki siku kumi na saba.