Nondo wa Dura

Shida ilinishika mwaka 1965, nikiwa na miaka minane. Vita vilitutoa kwetu, kusini mwa Sudan, tukavuka kwenda Uganda, na shule yangu ikaishia darasa la pili. Hilo halijanizuia kitu. Wenye digrii hula unga wangu.

Amani ilipotiwa saini nilirudi Juba, nikaanza kuuza dura, mtama wetu, pale soko la Sherikat. Nilipakana na mama mmoja ambaye vita vyote alivimalizia mjini hapa, na alitaka kila mtu alijue hilo. Asubuhi moja alipiga gunia langu kofi. Wakaruka nondo.

Nondo mwenyewe ni kitu kidogo, kama punje ya mchele. Rangi yake ya majani makavu, mabawa yamechanika-chanika pembeni kama pindo la shuka kuukuu. Akitua guniani humwoni. Ukimshika, unabaki na vumbi kidoleni.

"Mtu ya Uganda," jirani akasema, "umerudi na wadudu yako. Sisi hapa hatujui hii."

"Mama, huyu alinikuta hapa. Piga gunia zako."

"Gunia zangu ni safi kama altare."

Wateja wakaanza kunipita mbali. Mzee wa soko akatuita, na hapo niliogopa kweli, maana akisema nitoke, sikuwa na pengine pa kuuzia. Nikampelekea nondo mmoja kwenye karatasi, amjue sura.

"Mzee, huyu hana kwao. Penye nafaka ndipo kwake. Uganda kule Arua yuko, huku kwetu Yei yuko, Torit yuko. Hata hapo ulipokaa."

Alikuwa amekalia gunia la dura ya shamba lake mwenyewe, ng'ambo ya mto. Akakasirika.

"Hapa nilipokaa mimi? Kalas, yamekwisha, nimeamua. Kesho unatoa vitu vyako."

Akalipiga gunia kofi, kama mtu anayegonga muhuri.

Nondo wakamtoka katikati ya miguu kama moshi. Mmoja akatua kwenye sharubu.

"Mzee," nikamwuliza, "na wewe ulikimbilia Uganda lini?"

Alijifuta sharubu. Kisha akasema kila mtu aanike dura yake juani wadudu watoke, na yeye pia. Jirani yangu alipomwaga ya kwake, ilibidi tufunike vikombe vya chai.

Sikutoka. Leo nina duka la nafaka palepale Sherikat, mashine ya kusaga, turubai mbili za kuanikia, nyumba ya matofali Hai Malakal, mbuzi saba, na jirani yuleyule.