Baruti Haikupanda Treni

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa harufu ya samaki wa chumvi, maana nyumba yetu hapa Moshi haikuwa na harufu nyingine. Marehemu mama aliuza samaki sokoni. Aliyemletea kwa treni kutoka Tanga ni Bwana Kombo, mtu wa pwani, kanzu safi, maneno matamu. Asipoleta yeye, sisi hatuli.

Enzi hizo za Mwingereza mimi nilikuwa kijana, napasua mawe ya barabara. Ufunguo wa stoo ya baruti ulining'inia shingoni mwangu, na wallahi nilitembea nao kama bwana harusi. Usinicheke. Kati ya vijana wote wa machimboni, aliyeaminiwa ni mimi.

Basi Bwana Kombo akala kwetu, akanawa, ndipo akatoa la moyoni. Alitaka vijiti vichache vya baruti, avilipue baharini kwenye matumbawe, ile miamba wanamokaa samaki. Wangeelea wenyewe, wakubwa kwa wadogo, naye angemletea mama magunia tele kwa bei ya kutupa. Mama alikuwa pale mkekani, anasikia kila neno. Hakunitazama.

Nikikataa, mama atauza nini? Lakini baruti naijua, mwanangu. Kila tulipolipua mwamba nilikuta mijusi chali, na makinda ya ndege yamekufa nyufani. Na mwamba ukishapasuka, hauungi.

“Bahari ni kubwa, kijana,” Bwana Kombo akanibembeleza. “Utaimaliza wewe?”

Nikamjibu kwa adabu, “Mzee wangu, hata huu mlima ni mkubwa, nami naubomoa kila siku. Hapana marefu yasiyo na ncha. Baruti sitoi.”

Akavaa kofia yake, akamwambia mama atafute samaki kwingine. Treni iliyofuata haikutuletea kitu, wala ya baada yake.

Nikangoja kukaripiwa. Wee! Mama alijifunga kanga kiunoni, akapanda mpaka Uru, huko juu mlimani, kwa miguu, akarudi na mkungu wa ndizi kichwani. Siku ya soko akawasha mkaa, akaanza kuchoma. Sasa fikiria, kuwauzia ndizi Wachagga, wenye migomba hadi mlangoni! Wateja walicheka mpaka wakashika mbavu, wakamuuliza samaki wamekwenda wapi.

“Wako kwao, wanazaana,” mama akasema, na sauti yake nadhani ilifika stesheni. “Mwanangu huyu amewanyima watu baruti.”

Nilikuwa nyuma yake na gunia la mkaa begani, nikajiona nimerefuka. Msimu ule tulikula kwa shida, sitakudanganya, lakini tulikula. Riziki mafungu saba.

Wewe huna baruti, mwanangu, ila nakuona unavyotupa mifuko na chupa mtoni, ukidhani mto unaishia nyuma ya ukuta wetu. Maji ya mlima huu hushuka mpaka mto Pangani, na Pangani humwagika baharini. Mchuma janga hula na wa kwao, na samaki nao ni wa kwetu. Usiniambie bahari ni kubwa, nilishaambiwa. Atakayekuomba mkono wako uharibu, mnyime, hata akiwa amekalia mkeka wa mama yako.

Mungu akupe mkono safi na shingo isiyoinama, na mama yako akutaje sokoni bila kushusha sauti.