Shamba la Marehemu Shemeji

Mume wangu alikuwa mtu wa kazi. Sisemi hivyo kwa kuwa amekufa, maana wafu wote husifiwa, hata wavivu. Alfajiri akitoka msikitini alipitiliza shambani, na jioni hakukosa kuwaletea wanangu kitu: kambale, muwa, walau ukwaju.

Ilipofika kwetu Chumbi habari ya dawa ya maji kutoka vilima vya Umatumbi, wanaume wengi walikwenda kuinywa ili wakapigane na Mdachi. Mdogo wake alikwenda, mume wangu hakwenda. Nilikuwa na mimba kubwa, miguu imevimba, na mahindi yalitaka kulindwa na nguruwe. Walimwita mwoga hadharani. Alisikia, akainama akaendelea kulima. Mimi moyoni nilifurahi, na nikaona haya kwa kufurahi.

Shemeji hakurudi. Maji hayakuzuia risasi. Askari wakachoma maghala, njaa ikaingia, na mjane wake akabaki na watoto wadogo. Alipomaliza eda, wazee walimtaka mume wangu amrithi, kama ilivyo desturi yetu. Alikuja kwangu kwanza, akanikuta natwanga.

"Mwenzangu, wewe wasemaje?"

"Amri yako," nikamjibu, nikashusha mchi kwa nguvu hadi nafaka zikaruka nje ya kinu. Mtu aliyenijua vile hakuhitaji maneno zaidi. Aliwaambia wazee kwamba hatamwoa, ila atamlimia mpaka watoto wakue. Nikajiona mshindi.

Shamba la shemeji lilikuwa ng'ambo ya mto. Mwanamke kupanda mtumbwi na mwanamume asiye mumewe, wakashinda kule wawili, kwetu ni aibu. Ningeweza kufuatana nao, lakini nilisema nina mtoto mchanga. Basi mjane akabaki nyumbani, na mume wangu akalima peke yake shamba ambalo ndugu yake alikuwa akililima na mkewe. Asubuhi kwetu, alasiri kule. Akirudi mgongo haunyooki. Mimi namkanda kwa mafuta ya nyonyo, yeye anawachekesha watoto kwa kutembea kama bata. Kisha kikohozi kikamwanza. Nilimsihi apumzike. Nilijua fika neno ambalo lingempumzisha, "Mwoe," na kila lilipofika kooni wivu ulilirudisha chini.

Alikufa kabla mwanetu aliyezaliwa wakati wa vita hajaweza kushika jembe.

Mjane wa shemeji ndiye aliyekuja kukaa nami katika eda yangu, akinipikia na kunichotea maji. Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikamwomba radhi huku nalia, kwamba nilimnyima mume. Alikuwa anapepeta mchele, wala hakuuweka chini ungo.

"Mume nilikuwa naye, dada. Wako sikumtaka. Mimi nilitaka kupanda ule mtumbwi nikalime shamba langu. Ungekubali nirithiwe hata kwa jina tu, marehemu angekuwa na wa kusaidiana naye."

Akaendelea kupepeta, akitoa chuya moja moja, uso wake mtulivu. Laiti angenikasirikia, ningepata la kujitetea.