Namba Tisa ya Alma ya Nyuma

Mimi naendesha lori la kuvuta magari hapa Halifax, na kwa miaka tisa nimezunguka na Glenys Ackroyd, dalali wa mahakama. Watu wakisikia dalali wanafikiria jibaba la shingo nene. Glenys ana miaka hamsini na nane, goti la kushoto linamsumbua, na kabla ya udalali alikuwa mpishi wa shule. Lakini usimchezee. Nimeona wanaume wazima wakimkabidhi funguo za gari kwa mkono wao na kumwambia asante juu yake.

Ugonjwa wake, kama walivyouita ofisini, ni kuuliza. Hagusi gari la mtu mpaka ajue nani anaishi nyuma ya mlango. Atasoma vibao vya kengele, atapiga soga na msafisha madirisha, na hasemi kamwe kwa nini anauliza, maana deni la mtu ni siri yake. "Natafuta mtu tu, kipenzi," basi, imetoka. Asubuhi nyingine tulimaliza nyumba tatu tu, na mimi, nasema kweli, nilikuwa nachoka mpaka nasinzia kwenye usukani.

Siku moja nilimuuliza anahangaikia nini. Akaniambia kwamba mwaka wake wa kwanza alichukua gari la mtu aliyehamia juzi tu kwenye nyumba ya mdaiwa. Yule bwana aliita teksi, teksi ikachelewa, akafika hospitali mama yake ameshakata roho. "Gari nilimrudishia, Clem," alisema. Sikumuuliza tena.

Sasa, mwezi Machi tukaletewa meneja mpya, Lyle Horsfall, kijana wa viatu vya kung'aa aliyetoka ofisini moja kwa moja. Akapanda lori letu, akakaa katikati yetu na karatasi zake. "Glenys, wenzako wanaleta magari manne kwa siku, wewe unaleta hadithi. Leo nataka gari moja kabla ya saa nne. Ukikosa, ndiyo siku yako ya mwisho."

"Haya," alisema Glenys, akamimina chai.

Karatasi ya kwanza ilisema Royston Greenwood, namba tisa, Mtaa wa Alma, deni la kodi ya halmashauri. Mbele ya namba tisa lilisimama gari la rangi ya fedha, safi kabisa. Lyle akafikicha mikono. "Hilo hapo! Clem, shusha chuma cha kufungia, funga gurudumu."

"Clem, tulia hapo hapo," alisema Glenys. "Alma ipi?"

Lyle akamtazama kama amesema Kichina. Huyu hakukulia huku kwetu. Nyumba zetu zimegeuziana migongo, ukuta wa nyuma wa huyu ndio ukuta wa nyuma wa yule, na mtaa wa upande wa pili unaitwa Alma ya Nyuma. Nao una namba tisa yake. Karani aliyeko mbali akiandika Alma tu, anaona kamaliza.

Glenys akamweleza hayo kwa ufupi, kisha akagonga mlango wa namba tisa. Akafungua Bibi Thirza Lumb, ajuza wa miaka themanini, joho la kulalia limefungwa mpaka kidevuni. "Natafuta mtu, kipenzi. Hapa unaishi na nani?"

"Na mume wangu, na saa nne na nusu nampeleka hospitali kwa gari hilo kusafishwa damu, kwa hiyo kama unauza kitu, sitaki." Kisha akashusha sauti. "Au umekuja kwa zile barua?"

Barua nne, za Royston Greenwood, zilikuwa nyuma ya saa ya mezani, hazijafunguliwa. Zililetwa kwake kwa makosa, naye alikuwa anangoja mwenye barua aje kuziulizia. Lyle akashindwa kujizuia. "Bibi, huyo anaishi nyuma ya ukuta wako!"

"Najua. Namsikia akikohoa miaka kumi na tano sasa," alisema Bibi Lumb, ameudhika. "Lakini hatujawahi kutambulishwa. Nitaendaje kumgongea mtu nisiyemjua?"

Wallahi nilicheka mpaka nikashika mlango wa lori. Glenys hakucheka. Akamwambia kwa upole, "Mpelekee sasa hivi, mpenzi. Kwa mkono wako." Bibi Lumb akavuta pumzi, akachukua zile barua nne, akazunguka kona na ndara zake, nasi nyuma yake hatua kwa hatua.

Greenwood alifungua akiwa na mswaki mdomoni. Alipokea barua, akasoma ya juu, rangi ikamtoka. Pembeni lilisimama gari lake dogo la mizigo, limejaa ngazi na makopo ya rangi. Lyle akaruka. "Mdaiwa huyu, gari lake hili, saa nne kasoro kumi. Lifunge, Glenys."

"Hapana. Barua haikumfikia. Sheria inasema barua kwanza, kisha siku za kungoja, ndipo mimi. Leo mimi sipo hapa."

"Basi nipe kitambulisho chako cha udalali. Kazi imekwisha."

Glenys ana nyumba ya kulipia na goti bovu, na nani angempa kazi? Yeye alikitoa kile kitambulisho mfukoni, akamwonyesha, asikiachie. "Kazi yako chukua, mwanangu. Hiki alinipa hakimu. Ukikitaka kamwombe yeye, na umweleze barua zilikuwa nyuma ya saa ya nani. Sasa nionyeshe chako, ulifunge hilo gari mwenyewe."

Lyle hakuwa nacho. Mtu wa ofisini huyu, hakuwahi kusimama mbele ya hakimu hata siku moja. Katika mtaa mzima aliyeruhusiwa kugusa gari lile alikuwa mmoja tu. Akanigeukia mimi. Mimi nikatazama mawingu.

Akaenda kukaa ndani ya lori peke yake, na neno la kufukuza hakulirudia. Glenys akaandika kwenye karatasi yake, Alma ya Nyuma, mistari miwili chini ya neno nyuma, kisha akamgeukia Greenwood. "Barua mpya itakuja mlango huu, kwa jina hili. Ukiipata, siku hiyo hiyo piga simu halmashauri, mpange malipo. Usiniache nirudi, mwanangu, maana nikirudi nitalichukua."