Mwanangu Yuko Serikalini

Mwanangu alipofungwa kwa kununua injini ya boti iliyoibwa kule kisiwani Remba, mimi nilishika rozari, mkewe akashika kimya. Aliwaogopa akina mama wa jumuiya ya kanisa. Alikuwa ameona walivyomtenga mwanamke mwingine aliyefungiwa mume: hata ugali wa sherehe hakuruhusiwa tena kuusonga. Basi walipomuuliza mumewe yuko wapi, alijibu, "Yuko serikalini, Migori."

Nililipima neno hilo mbele ya Mungu, nikaona si uongo. Analala kwa serikali, anakula kwa serikali, na nguo anavaa za serikali. Nikamshukuru Mungu kwa upana wa Kiswahili.

Lakini habari za kazi hazifichiki hapa kwetu Homa Bay. Asubuhi moja jirani yetu, mama mzee mwenye sauti ya kengele, aliingia uani na kuku kwapani.

"Mzee, kitinda mimba wangu anakaa tu nyumbani. Mwambie mwanao amwingize pia."

"Amwingize wapi, mama?"

"Huko serikalini! Kwani mnataka kula peke yenu?"

"Kuingia huko ni balaa."

"Balaa ni kukaa hapa! Nasikia hata nyumba wanapewa."

"Wanapewa," nikakubali.

"Na chakula?"

"Kila siku."

"Yawa! Na askari mlangoni?"

"Wengi, mama."

Mke wa mwanangu, aliyekuwa akianika dagaa wa omena, aliinama akajifunika uso kwa leso. Nilidhani analia. Kumbe mabega yalitikiswa na kicheko. Alipopata pumzi, alisimama.

"Mama, huko mtu huingizwa na hakimu. Ni jela. Alinunua injini ya wizi."

Mama akambana kuku hadi akalia. Niliomba kimoyomoyo.

"Jela!" mama akasema. "Na kijana wangu nimeshamnunulia tai!"

Akamgeukia mke wa mwanangu.

"Injini uliinunua wewe?"

"Hapana, mama."

"Basi mbona unasimama mbali kama mwizi? Teleka maji. Kuku huyu sirudi naye, na wewe ndiye utakayempika."

"Na mume wangu? Kule hawaruhusu chakula cha nje."

"Tutakula kwa niaba yake."

Siku hiyo nilisali sala ya chakula fupi kuliko zote maishani mwangu, maana mama alikuwa ameshashika paja la kuku.